Stelingi Alikufa Kabla ya Diski ya Pili

Kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, sheria ilikuwa moja, na hata mtoto wa darasa la pili aliijua: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa kamba relini na treni inakuja, lakini hafi. Ukiona mtu kafa mapema, basi ulikosea wewe, huyo hakuwa stelingi.

Mwaka 2003 nilikuwa dogo wa kukusanya hela kwenye kibanda kimoja Tandika, Dar es Salaam. Mchana shilingi 100, usiku 200. Kazi zangu nyingine zilikuwa kubadilisha diski na kuzifuta kwa fulana yangu picha ikianza kuganda. Usiku mmoja wa mvua, watu wachache, tajiri hayupo, nikaweka diski mbili tulizoletewa na fundi redio wa jirani aliyeapa kwamba hiyo ni picha ya kutisha. Ikatokea nyeusi na nyeupe. Watu wakaguna. Haikutafsiriwa, haina ngumi, haina bunduki. Bahati nzuri mwanzoni tu dada mmoja anakabidhiwa dola 40,000 apeleke benki, anazitia kwenye pochi na kutoroka nazo kwa gari. Hapo kibanda kikatulia. Wizi hauhitaji mtafsiri. Jamaa mmoja akaanza kuzigeuza kuwa shilingi kwa sauti, akafika milioni arobaini na kitu, akapiga mluzi.

Tukamfuata yule dada. Polisi wa miwani myeusi akamsimamisha tukashika roho. Mvua ikamnyeshea njiani, na mabati yetu nayo yanapiga kelele, ikawa kama mvua ni moja. Akafika kwenye nyumba ya wageni, akaongea na kijana mpole anayemtunza mama yake, akaingia bafuni kuoga. Akachomwa kisu, akafa.

Kimya. Kisha sauti kutoka benchi la nyuma: "We dogo, umeanza na diski ya pili!"

Nikaitoa mashineni, nikaimulika kwa tochi. Imeandikwa 1 kwa kalamu ya wino mzito. Nikairudisha. Jamaa mmoja alidai mia mbili yake na akaondoka kwenye mvua bila kupewa. Waliobaki walibaki kwa sababu ya zile hela tu, nina hakika. Yule kijana mpole anakuta maiti, anahangaika, anaizungushia pazia la bafu, anaipakia kwenye buti ya gari. Hela zimefungwa ndani ya gazeti juu ya meza na yeye hajui. Mwisho analiona gazeti, analichukua na kulitupa kwenye buti kama takataka. Kibanda kililipuka. "Hela! Hela hiyo we mjinga!" Kisha akalisukuma gari kwenye kinamasi, likaanza kuzama, blup, blup, na katikati likagoma. Paa linaonekana. Kijana anatafuna, anaangalia huku na huku. Sisi hakuna aliyepumua. Likazama. Jamaa wa hesabu akashusha pumzi ndefu, halafu akajishtukia, akageuka kutuangalia: "Sasa hapa mimi namshangilia nani?"

Nimekaa na swali hilo miaka ishirini na zaidi, na kwa kiasi kikubwa ndilo lililonifanya niwe mhariri wa filamu badala ya fundi redio, kazi ambayo mama alinichagulia.

Jina la mwongozaji nililijua baadaye, nikiwa Sinza najifunza kuhariri video za harusi. Alfred Hitchcock, mzaliwa wa Leytonstone, London, 13 Agosti 1899, mtoto wa muuza mboga na kuku. Picha ile, Psycho, aliitoa mwaka 1960, umri wa watu kustaafu. Studio yake haikuitaka, kwa hiyo aliigharamia mwenyewe, karibu dola 800,000, akatumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni badala ya wale wa gharama kubwa. Ile sini ya bafuni ilikula siku 7 za kazi ili tupate sekunde 45 hivi. Na kwenye majumba ya sinema aliweka amri: picha ikianza, haingii mtu. Hapo nilicheka peke yangu, maana sisi ukichelewa nusu saa tulikupunguzia bei.

Alipenda kusimulia kwamba akiwa mdogo baba yake alimtuma kituo cha polisi na kikaratasi, polisi akakisoma, akamfungia mahabusu dakika chache na kumwambia hivi ndivyo tunavyowafanya watoto watukutu. Kama ni kweli yote au aliitia chumvi, hilo alilijua yeye. Ninachojua ni kwamba kwenye picha zake polisi hawajawahi kumtuliza mtu. Na sisi ambao wazazi walitutisha kwa "ngoja nikamwite polisi" tulimwelewa bila kuambiwa.

Mwaka 1962 mwongozaji wa Kifaransa, François Truffaut, alikaa naye karibu wiki nzima akimhoji picha moja baada ya nyingine, na mazungumzo yale yakawa kitabu. Nakala yangu niliipata kwa mtu wa vitabu vya mtumba Posta, jalada halipo, nikaisoma na kamusi pembeni. Kuna mahali Hitchcock anaeleza habari ya bomu. Watu wawili wamekaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka. Watazamaji wameshtuka, sekunde 15, basi. Sasa anza upya: mtazamaji kaona bomu likitegwa chini ya meza, kaiona saa, anajua zimebaki dakika 15. Wale wawili hawajui, wanaendelea na maongezi yao ya kijinga. Dakika zote 15 ni zako.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu, maana wiki ile ile nilikuwa nimeharibu kazi ya watu.

Ilikuwa filamu yangu ya tatu kuhariri. Wifi anamwekea sumu mke wa kaka yake kwenye chai. Kwenye muswada, mke anakunywa, anaanguka, ndipo tunarudishwa nyuma kuonyeshwa mkono wa wifi ukimimina unga kutoka kwenye karatasi. Mimi nikaona hiyo ndiyo akili: ficha, ficha, halafu fumua. Tuliijaribu kwa watu thelathini hivi kwenye kibanda cha rafiki yangu. Mke alipoanguka walisema "Haa!" Wakarudi kwenye karanga zao. Kabla ya hapo kulikuwa na dakika nne za wanawake wawili kuongea michango ya sare za harusi, na katika dakika hizo nne nilihesabu watu sita waliotoka kwenda kukojoa.

Baada ya kitabu nilimwomba prodyuza siku mbili. Sikuhitaji kupiga picha mpya hata moja. Nilichukua ule mkono wa wifi, sekunde 6, nikautoa mwisho nikauweka mwanzo, kabla maji hayajachemka. Kisha nikafanya jambo ambalo bado najivunia kuliko kazi zote nilizolipwa vizuri. Kwenye picha ghafi, mwigizaji wetu alinyanyua kikombe mara mbili na kukirudisha mezani kwa sababu alisahau maneno. Makosa hayo niliyakata mara ya kwanza, usafi wa kazi. Sasa nikayaokota kwenye takataka nikayarudisha yote mawili. Ananyanyua kikombe, kinafika mdomoni, anakumbuka habari ya sare, anakishusha. Ananyanyua tena.

Tulirudi kibandani. Zile dakika nne za michango hakutoka mtu. Alipokinyanyua mara ya pili, mama mmoja wa mbele mwenye mtoto mgongoni akasema kwa upole kabisa, kama anaongea na bintiye: "Mwanangu, usinywe."

Baadaye nikaona Notorious ya Hitchcock, ya 1946, Ingrid Bergman anawekewa sumu kidogo kidogo kwenye kahawa na mumewe na mama mkwe wake, na kikombe kimesogezwa karibu na kamera mpaka kinakuwa kikubwa kuliko watu. Mama mkwe! Nilikuwa nimejiona mgunduzi, kumbe mzee alishapita hapo kabla baba yangu hajazaliwa.

Mjomba mmoja wa kikundi chetu alinibishia kwamba mambo haya ni ya Wazungu, sisi watu wetu wanataka maneno, wanataka watu wagombane. Sikumjibu, nikangoja mama aje.

Mama alikuja kutoka Muheza kutibiwa macho, akakaa kwangu Temeke, nyumba ya kupanga, vyumba nane, uani mmoja, bomba moja. Kiingereza chake kilikuwa "gudi moningi". Usiku wa pili nikamwekea Rear Window ya 1954. Mpiga picha kavunjika mguu, yuko kwenye kiti dirishani, joto, hana kazi ila kutazama madirisha ya majirani. Hitchcock alijengesha uani mzima ndani ya studio ya Paramount, nyumba 31 za kupanga, na kamera karibu muda wote imo chumbani kwa mgonjwa. Unachojua ni kile anachokiona yeye.

Mama hakuhitaji dakika kumi. Alishawagawa majirani: huyu mcheza ngoma, huyu mpweke anajipikia chakula cha wawili, wale maharusi hawatoki ndani, yule mke mgonjwa wa kitandani na mumewe hawaelewani. Usiku, mvua inanyesha, yule mume akatoka na sanduku. Akarudi. Akatoka tena nalo. Mama akakaa wima. "Mvua yote hii, mtu na sanduku, mara ngapi?" Asubuhi mke haonekani. "Kamuua," mama akasema, na kuanzia hapo akawa anamgombeza yule mpelelezi rafiki wa mgonjwa aliyekataa kuamini. Mbwa alipokutwa kauawa kwa sababu alichimbachimba bustani ya maua, mama alitaja jina la jirani yetu mmoja wa Muheza, kisa cha mwaka gani sijui, ambacho sikuwahi kukisikia na hakuwahi kukimalizia.

Kuna mahali mle yule muuaji anastuka, ananyanyua macho taratibu, anamtazama mgonjwa. Yaani anaitazama kamera. Anatutazama sisi. Mama aliinuka kitandani akaenda kufunga pazia letu.

Ndipo nilipoelewa maana ya mzee huyu kuanza kazi miaka ya 1920, studio ya Islington, London, kwa kuchora vibao vya maneno vya picha zisizo na sauti. Alijifunza kabla picha hazijaanza kusema. Mpaka mwisho aliwaza kwamba maneno ni sauti kama sauti nyingine, na habari yenyewe iko machoni. Yule mjomba tukikutana bado anabisha, lakini mama alisharudi Muheza, na huko picha ile anaisimulia kama jambo lililotokea Temeke.

Aibu yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya maiti. Filamu nyingine, msiba, marehemu kalazwa mkekani, kamera imemkaribia, muziki wa huzuni umejaa mpaka pomoni. Nilikaa na ile shoti wiki tatu. Niliijua kila pembe. Siku ya kuonyesha, ukimya wa msiba umetanda, mtoto mmoja chini kabisa mbele akasema: "Mbona anapumua?" Kibanda kizima kikacheka mpaka mwisho wa picha. Tumbo la marehemu lilikuwa linapanda na kushuka, mchana kweupe, na mimi sikuliona kwa sababu kila mara nilikuwa natazama uso.

Alichokosa mhariri wa Tandika, Hitchcock alikuwa nacho nyumbani. Alma Reville, mkewe tangu 2 Desemba 1926, alizaliwa siku moja tu baada yake, na aliingia kwenye filamu kabla yake, kama mhariri. Psycho ilipokuwa tayari, wakubwa wote wameitazama wameridhika, ni Alma aliyesema hapana, Janet Leigh, yule dada wa pochi, pale sakafuni bafuni bado anaonyesha dalili ya uhai. Wakarudi kukata. Mwaka 1979, Hitchcock alipopewa tuzo ya heshima ya maisha huko Marekani, alisema anataka kuwataja watu wanne tu: mhariri wa filamu, mwandishi wa miswada, mama wa binti yake Pat, na mpishi hodari. Wote wanne wanaitwa Alma Reville. Oscar ya mwongozaji bora hakuwahi kuipata, ingawa alipendekezwa mara tano. Filamu yake Rebecca ilichukua tuzo ya filamu bora ya mwaka 1940, ila hiyo ilikwenda kwa prodyuza.

Mimi nina mke anayeuza vitenge na hana subira na sinema. Ndiyo sifa niliyoihitaji. Kila kazi nikiimaliza namkalisha kwenye kiti changu, na yeye hatazami uso wa mtu hata siku moja. Anatazama sufuria, nguo, mlango. "Hii kanga kaivaa kichwani, sasa hivi iko kiunoni." "Saa ya ukutani imerudi nyuma." Baada ya filamu ya tatu akaniuliza jina lake liko wapi pale mwisho. Nikamwambia nitaliweka. Akasema amelisikia neno hilo.

Kuhusu sauti sitarefusha. Sisi tunamwaga muziki kila mahali kama mtu anayeogopa mchuzi wake hauna ladha. Hitchcock kwenye The Birds, 1963, hakuweka muziki wa kawaida kabisa, ni ndege tu, na kwingine kimya. Lakini pia alikosea: ile sini ya bafuni alitaka isiwe na muziki, na mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaziandika zile fidla kali hata hivyo. Mzee alisikia akakubali. Mlio wa kisu ulipatikana kwa kuchoma tikiti. Mimi nilijaribu papai, likatoa mlio wa mtu kukanyaga tope, tukalila.

Ninalolisema sasa sikulipata kitabuni kwa Truffaut.

Kwenye The Birds, mwigizaji Tippi Hedren aliambiwa kwamba sini ya kushambuliwa darini itatumia ndege bandia. Alipofika akakuta ndege hai. Siku karibu tano watu wenye glavu walimrushia ndege, mmoja akamkwaruza karibu na jicho, akaanguka akilia, na daktari akaamuru apumzike. Kwenye kitabu cha maisha yake cha 2016 alieleza pia jinsi Hitchcock alivyomsumbua kimapenzi, na kwamba alipomkataa alimzibia njia za kazi. Nilipenda kazi za mtu huyu tangu nikiwa dogo wa tochi, na nilijifunza haya nikiwa mtu mzima mwenye binti. Ukiirudia ile sini ya darini sasa, hutazami tena uigizaji.

Na mimi nilishakalia kiti hicho. Mwongozaji mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na sini ya binti anayefungiwa chumbani na baba wa kambo. Shoti ya tano, bila kumwambia mwigizaji, aliagiza mlango ufungwe kweli na taa zizimwe. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Kilio kilichopo kwenye shoti ile si cha kuigiza, mtu yeyote mwenye masikio anajua, na mimi niliyekaa na spika za masikioni usiku kucha nilijua kuliko wote. Niliitumia. Sekunde 38, bila kukata. Watu walimsifu binti, wakamsifu mwongozaji, na mimi pia nikapata sifa kwa kuwa na ujasiri wa kutokata. Binti nilikutana naye mwaka uliofuata kwenye daladala ya Mbagala. Aliniamkia vizuri, tukaongea habari za kazi, na alipokaribia kushuka akasema: "Kaka, ile ya tano ungeweza kuiacha. Zilikuwepo nne."

Akashuka.

Miaka michache baadaye kituo kimoja cha televisheni kiliitaka filamu ile, wakataka ifupishwe. Nikaifungua upya kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeitazama Frenzy karibuni, ya 1972, ambayo Hitchcock alirudi kuipiga London, Covent Garden, kwenye soko la mboga, biashara ya baba yake. Katika mauaji ya mle ndani, mawili yalinikaa kichwani. La kwanza kalionyesha lote, na sitalirudia. La pili, muuaji anapanda ngazi na msichana, wanaingia, mlango unafungwa usoni petu. Kamera haingii. Inarudi nyuma, inashuka ngazi taratibu kwa kinyumenyume, kimya, inatoka ukumbini hadi barabarani, na kelele za soko zinarejea: watu wanabeba magunia, malori yanapita, hakuna anayenyanyua macho kulitazama dirisha.

Nilipitia picha ghafi zote. Mpiga kamera wetu aliwahi kusahau kuzima mashine baada ya kupiga mlango ule kwa nje. Kulikuwa na sekunde 14 za mlango wa mbao uliofungwa, ndala za mtoto kizingitini, na kwa mbali bodaboda inapita na mtu anauza maji. Nikaziweka hizo. Ile ya tano nikaitoa, pamoja na sauti yake.

Prodyuza alipoitazama akaniuliza kilio kiko wapi, mbona ndicho kilichoiuza picha. Nikamwambia faili lile liliharibika.